Ufunguo wa Mfereji wa Chini

Tulipomaliza kumzika mama, Mafinga, ndugu waligawana vitenge na masufuria, mimi nikaomba kopo. Walicheka, kisha wakaacha kucheka. Ni kopo la maziwa ya unga lililokula kutu shingoni, alilowekea maharage ya mbegu, lakini mimi ndiye ninayejulikana katika ukoo huu kwa kubishania bei mpaka ya jeneza, kwa hiyo wakadhani lazima kuna kitu. Mdogo wangu alilitikisa sikioni, akasikia chuma kikigonga bati, akalifungua mbio mbio. Maharage, ufunguo mmoja wa kufuli, na daftari lililokunjwa mara mbili. Akanirudishia. "Haya, chukua na utajiri wako."

Daftari nitalifikia. Nianze na ufunguo, kwa sababu mdogo wangu hakuujua na mimi niliujua kabla sijaugusa. Ulikuwa unanuka kutu na maharage, na chini ya hapo, kama una pua ya mtu aliyekulia huko, ulinuka tope la mferejini. Nilirudi nao Mbeya, kwenye kibanda changu cha vitunguu, nikaukalia siku tatu ndipo nikaweza kuandika haya.

Wenzangu wengi Ruaha Mbuyuni mnaijua kwa dirisha la basi. Mnamaliza kona za mlima, joto linawapiga usoni, akinamama wanakimbia na ndoo za vitunguu, mnawaambia "shusha mama, shusha," dereva anapiga honi, mnaondoka na ndoo kwa bei ya aibu. Hakuna aliyewahi kuuliza pale dirishani: mahali pakavu namna hii, vitunguu vinakunywa nini?

Vinakunywa zamu. Maji yalitoka mtoni, kwenye banio, pale zege lilipouziba mto kidogo na kuulazimisha uingie mashambani. Kutoka banio mifereji ilikuwa mitatu: wa juu, wa kati na wa chini. Kila mfereji siku nne, mzunguko mzima siku kumi na mbili. Sisi tulikuwa wa chini, jina linajieleza. Pale banio palikuwa na malango matatu ya chuma, na juu yake nondo moja nene iliyoyabana yote, na nondo hiyo ilifungwa kwa makufuli matatu. Ili maji yahame kutoka mfereji mmoja kwenda mwingine, watunza funguo watatu walipaswa kukutana, kila mmoja afungue kufuli lake, nondo inyanyuliwe, lango moja lishushwe na jingine lipandishwe, kisha wote wafunge tena. Ufunguo wa juu alikuwa nao Mzee Kanuti, ambaye pia ndiye alikuwa mwenyekiti wa umoja wetu wa watumia maji. Wa kati alikuwa nao Gaspa, kijana wa nyanya. Wa chini alikuwa nao mama yangu.

Msidhani utaratibu huu ulitoka kwa mtaalamu. Ulitoka kwenye kabati la sare za kwaya.

Ofisa alikuja kutoka wilayani akasema hakuna katiba, hakuna usajili. Hakuna usajili, hakuna saruji ya banio. Akatoa wiki moja. Watu walitazamana. Katiba walikuwa wameisikia redioni, kitu cha serikali, kinachokaa Dodoma. Mama alikuwa katibu wa kwaya usharikani, na kwaya ilikuwa nayo moja, iliyoandikwa baada ya mwalimu wa kwaya kuazimisha sare kwenye harusi ya mpwa wake zikarudi na mafuta ya pilau. Tangu hapo kabati la sare likawekwa makufuli matatu: sauti ya kwanza ufunguo wao, ya pili wao, ya tatu wao. Basi mama akakaa mezani na daftari jipya na rula. Palipoandikwa kwaya akaandika umoja. Palipoandikwa sauti akaandika mfereji. Kabati la sare likawa lango la maji.

Kifungu cha kumi na moja alikinakili hivi: "Mtunza ufunguo atakayetoa ufunguo wake kwa mtu mwingine atasimamishwa zamu mbili." Kwenye kwaya, zamu mbili ni Jumapili mbili za kukaa na waumini na kusikiliza wenzako wakiimba. Unanuna, unapona. Kuhusu yule anayekuja kuomba ufunguo, kifungu hakikusema kitu, kwa sababu kanisani aliyeomba alikuwa mwalimu wa kwaya mwenyewe, na utamwandikaje mwalimu? Walimstahi. Mama akanakili na ile stahi.

Na mengine yalimponyoka. Kifungu cha sita kilibaki kusema mwanachama asinywe kitu baridi kabla ya zamu. Kingine kilisema mwenyekiti ataongoza mpaka sauti yake itakapochoka. Ofisa alipiga mhuri bila kusoma, wanachama wakapitisha kwa makofi, saruji ikaja.

Sasa, mimi. Nilikuwa na miaka minane au tisa. Baba alikuwa Chimala na mke mwingine na mpunga mwingine. Nyumbani tulikuwa mama, mimi na mdogo wangu wa mgongoni. Mama alikuwa mtu wa akiba. Sindano mbili, moja ya kutumia, moja ya kupotea. Viberiti viwili. Ufunguo wa mlango wetu ulikuwa shingoni kwake, na pacha wake ulikuwa kwa Bi Sarafina, mjane jirani yetu, wa kupotea. Kila kitu alikihesabu mara mbili, akanirithisha. Kwa hiyo nilipoona banio lina funguo tatu nilipiga hesabu yangu: mmoja wa kutumia, mbili za kupotea. Makufuli ni matatu kwa kuwa wezi ni wengi, na ufunguo wowote unafungua yote. Nikahesabu tena, ikatoka vilevile. Hiyo ndiyo hatari ya kuhesabu mara mbili kwa kosa lilelile.

Msimu ule vitunguu vyetu vilikuwa vimeshika. Shamba lilikuwa la kukodi, na mwenye shamba alikuwa na sheria yake isiyohitaji mhuri wa wilaya: asiyevuna hakodishwi tena. Vitunguu vilikuwa vinaanza kujaza, ule wakati ambao ukivipa maji vinakupa gunia, na ukivinyima vinakupa majani.

Ndipo habari ikafika kwamba bibi, mama yake mama, amefariki huko Mafinga. Bahati, kama tunaweza kuiita hivyo, ilikuwa asubuhi ya zamu yetu. Mama alikwenda banio na wenzake, wakafungua, wakahamisha maji kuja chini, wakafunga. Katiba ilisema mtunza ufunguo akisafiri, lango lisiguswe mpaka arudi. Zamu ni siku nne, matanga siku tatu. Alihesabu kwa vidole, akahesabu tena, akaridhika. Akaweka ufunguo kwenye kopo la maharage, akambeba mdogo wangu.

"Twilumba. Ufunguo uko humu. Hautoki."

"Na mtu akiuliza?"

"Mwambie mama hayupo."

Akasimamisha basi barabarani, akaenda kumzika mama yake.

Mzee Kanuti alikuja asubuhi ya pili, jua limeshapanda. Msimfikirie mtu wa kutisha. Alikuwa mzee mzuri kuliko wazee wote niliowajua, mwenye baiskeli yenye kengele, anayemwita kila mtoto mjukuu na kulikumbuka jina lake. Siku hiyo nyuma ya baiskeli alikuwa amefunga mzigo wa miwa.

"Hodi hapa. Kamwene, mjukuu wangu."

"Kamwene, babu."

"Mama yupo?"

"Mama hayupo," nikasema, nikaona agizo nimelitimiza lote.

Alikaa kwenye kinu, akavua kofia, akajipepea. "Eh, mjukuu, nina shida. Ufunguo wangu wa banio umenipotea. Nimetafuta mpaka kwenye zizi."

Nataka niseme ukweli kuhusu nilichohisi. Nilifurahi. Kumbe ndiyo siku yenyewe! Mmoja umepotea, na sisi tunao wa akiba. Mama alikuwa sahihi tena.

"Si uchukue wa Gaspa?" nikasema, maana hata kwenye furaha nilikuwa mtoto wa kuuliza mara mbili.

"Gaspa kapeleka nyanya Ilula."

"Mama amesema hautoki."

"Hautoki kwenda mbali. Huu unakwenda banio, unarudi. Huko nako ni kutoka?"

Nikafikiri. Macho yangu yakaenda kwenye baiskeli, na yake yakanifuata. "Nitakupa muwa," akasema.

"Miwili."

"Mmoja unakutosha, tumbo lenyewe kama ngumi."

"Miwili. Wa kula na wa akiba."

Alicheka mpaka akafuta machozi. "Wewe utakuwa mfanyabiashara," akasema, na hapo hakudanganya. Nikazamisha mkono kwenye maharage, nikampa ufunguo, nikapokea miwa miwili. Ndiyo biashara yangu ya kwanza, na niliondoka mezani nikiwa nimemshinda bei mtu mzima.

Mchana ule maji ya mferejini kwetu yalishuka. Yalibaki kama mate, kisha yakabaki madimbwi ya vyura, kisha vyura wakahama. Bi Sarafina alisimama na jembe lake akauliza hewani, "Jamani, mto umekufa?" Mimi nilikuwa nimekaa kizingitini natafuna muwa. Sikuunganisha kitu na kitu. Kwa hesabu yangu mwenyekiti alilifungua banio kama anavyofungua siku zote, na maji yakiisha ni shauri ya Mungu.

Mama alirudi siku ya nne. Hakuingia ndani. Alisimama kwenye mfereji na mtoto mgongoni, akautazama udongo uliopasuka, akainama akatia kidole kwenye ufa kupima kina. Ndipo akaja uani, akaona makapi ya muwa. Mfereji wa chini hauotishi miwa. Miwa inataka miguu ndani ya maji mwaka mzima, na ya namna hiyo ilikuwa kwa mtu mmoja.

"Nani alikuja?"

"Babu mwenyekiti. Ufunguo wake ulipotea nikampa wa akiba. Nilimwambia miwili, akakubali."

Hakunipiga. Heri angenipiga. Alikaa chini na nguo zake za msiba, akaniambia taratibu, kama mtu anayemfundisha mtoto kufunga kamba za viatu, kwamba kila ufunguo unafungua kufuli lake peke yake.

"Sasa kwa nini ziwe tatu?" nikauliza.

"Ili mmoja asiweze."

"Asiweze nini?"

"Chochote."

Nikafikiri sana. "Si mngechagua tu mtu mzuri, akakaa nazo zote?"

Mama alinitazama. "Tulimchagua mtu mzuri," akasema.

Mkutano wa dharura ulikaa kesho yake alasiri, kwenye darasa la shule ya msingi, watu wazima wamejikunja kwenye madawati ya watoto, magoti yamegusa kidevu. Mimi nilikuwa dirishani kwa nje. Mama alisimama na daftari, akaeleza: ufunguo umetoka kwake akiwa msibani, lango limeguswa, mfereji wa chini umekosa siku tatu.

Mzee Kanuti alisimama bila haraka. Akauweka ufunguo mezani mbele ya watu. "Huu hapa. Sikuiba. Niliomba, nikapewa. Wa kwangu niliuona mchana uleule, ulikuwa kwenye mfuko wa koti." Watu wa juu walicheka, wakamhurumia mzee na koti lake. "Nyanya zenu zilikuwa zinaungua. Mwenyekiti afanye nini, atazame?"

"Gaspa naye alitoa wake?" mtu akauliza.

Gaspa akainuka nusu. "Mimi sikumpa mtu ufunguo. Nilirudi kutoka Ilula mchana, nikafungua kwa mkono wangu. Kifungu kinasema kutoa. Mimi sikutoa."

"Kifungu cha kumi kinasema nikisafiri lango lisiguswe," mama akasema.

"Kweli kabisa," akajibu Mzee Kanuti. "Na adhabu yake?"

Mama akafunua kurasa. Nilimwona akisoma mara mbili. "Haikuandikwa."

"Basi hilo ni onyo. Nimeonyeka." Vicheko tena. "Lakini, Mama Twilumba, cha kumi na moja kina adhabu. Kisome wewe, mwandiko ni wako."

Akakisoma. Sauti yake ilikuwa ileile ya kusoma matangazo kanisani. Alipofika "zamu mbili" mtu wa nyuma akapaza sauti, "Na asinywe kitu baridi!" Darasa zima likaanguka kwa kicheko, na mimi dirishani nilipiga hesabu ambayo kwa mara ya kwanza ilikuwa sahihi: zamu ya kwanza siku kumi na mbili, ya pili kumi na mbili nyingine. Siku ishirini na nne, kwa kitunguu kinachojaza.

Wa mfereji wetu wa chini ndio waliouma zaidi. "Tulikupa wewe ututunzie," mmoja akamwambia. "Sasa sisi tunakula nini?"

Nilikimbia nikaingia mlangoni. "Mimi ndiye niliyempa! Mama hakuwepo! Mimi ndiye..."

"Toka nje," mama akasema. "Wewe si mwanachama."

Hakupandisha sauti. Lakini alikuja mpaka mlangoni, akanishika bega, akanitoa, akafunga mlango, nami nikarudi dirishani kulia nikiwa nje ya katiba.

Bi Sarafina alikuwa amesimama. "Sema basi hukutoa wewe, mwanangu. Katoa mtoto, kila mtu amesikia."

"Uliwekwa kwangu. Ukitoka kwangu nimetoa mimi."

"Haya. Na aliyeomba je?"

"Anayeomba hayumo," akasema Mzee Kanuti kwa upole.

"Mwongezeni sasa hivi!"

Kuongeza neno kulitaka theluthi mbili. Wanachama walikuwa thelathini na watatu, kwa hiyo mikono ishirini na miwili. Niliihesabu kwa dirisha, kushoto kwenda kulia, kisha kulia kwenda kushoto. Kumi na mitano. Wa chini wote, pamoja na wale waliomkaripia mama, na wachache wa kati. Gaspa alijikuna shingo kwa mkono ambao angeunyoosha. Wa juu walitazama ubao, ambako mwalimu alikuwa ameacha hesabu za kutoa.

Halafu mikono ikapigwa kuhusu adhabu ya mama, ambayo haikuhitaji hata theluthi. Mama naye alinyoosha wake. Nilidhani amekosea. Bi Sarafina alimwuliza njiani, kwa hasira, na mama akamjibu, "Nikikikataa nilichokiandika mwenyewe, kesho nitamshika nani?" Bi Sarafina akasema, "Kesho? Kesho utakuwa hapa?"

Zamu yetu ilipofika, maji yalikuja. Hilo ndilo sikulijua, kwamba adhabu haizuii maji kuja. Inazuia mdomo wa shamba lako tu. Tuliuziba kwa udongo, tukasimama tukayatazama yanapita kando ya vitunguu vyetu, mapana, ya kahawia, na povu juu, yakaingia kwa Bi Sarafina. Nilichukua sufuria. Mama akaniambia nirudishe. Nilisema hakuna mtu anayeona. "Najua," akasema.

Siku ya pili ya zamu, Bi Sarafina alipita kwetu na jembe begani, akasimama mbali kidogo, akasema kwa sauti ya mtu anayetangaza hali ya hewa, "Mama Twilumba, tuta langu la mpakani limebomoka lenyewe. Maji yanamwagikia kwako. Mimi leo mgongo unauma, siwezi kuziba."

Nilikimbia kwenda kuona. Ilikuwa kweli. Kwenye tuta palikuwa na pengo la upana wa jembe, lenye kingo zilizonyooka kama zilivyo kingo za kitu kilichobomoka chenyewe kwa jembe, na maji yalikuwa yanaingia kwetu. Vijaruba viwili vilikuwa vimeshalowa. Udongo ulikuwa unatoa ile sauti ya kunywa. Nilipiga magoti nikaweka viganja.

Mama alifika nyuma yangu. Kisha akasema, "Pole na mgongo, dada. Nitakuzibia," akainua jembe lake, akaziba.

Bi Sarafina alimtukana. Sitayaandika, alikuwa mjane wa Kanisa. La mwisho lilikuwa, "Maji hayakijui hicho kifungu chako!"

"Mimi ninakijua," mama akasema, akapiga tuta kwa mgongo wa jembe mpaka likalainika.

Nilimchukia siku hiyo, na chuki ya mtoto haina kifungu. Nilimchukia kuliko nilivyomchukia Mzee Kanuti, ambaye bado aliponikuta njiani alipiga kengele na kuniita mfanyabiashara. Leo nina umri uliozidi wa mama siku ile, na ukiniuliza kama ulikuwa uadilifu au ubishi, nitakwambia bei ya kuanzia ni uadilifu, lakini tunaweza kuzungumza.

Vitunguu vililala shingo kabla ya wakati. Tuliving'oa hivyo hivyo. Vingi vilikuwa kama gololi. Vijaruba viwili, vile vilivyoonja, vilitoa vya ukubwa wa ngumi ya mtoto, na mama hakuvila, alimpelekea Bi Sarafina vyote kwenye ndoo. Mwenye shamba alikuja na kofia mkononi, akasema pole mara mbili, akampa shamba mtu mwingine. Ufunguo mama alirudishiwa, kwa sababu kufuli la chini walilibadili "kwa usalama" na kumchagua mtunza mpya, shemeji yake Mzee Kanuti. Tukaondoka kwenda Mafinga, ambako mama alibeba mabanzi kwenye mashine ya mbao mpaka mikono ikawa na utomvu usiotoka. Muwa wa akiba niliuacha nyuma ya mlango. Ulikuwa umekauka, ukawa kama fimbo. Sikuula.

Mzee Kanuti aliendelea kuongoza. Katiba ilisema mpaka sauti yake itakapochoka, na haikuchoka. Alizikwa akiwa mwenyekiti, na nasikia kwaya iliimba vizuri.

Siku hizi neno hili liko kila mahali. Sokoni kwetu Mbeya wapanga magunia wanabishania katiba kama wanavyobishania mpira, wanasema tunataka hivi, wengine wanasema tuna viongozi wazuri, ya nini kuwafunga mikono. Mimi huwa nasikiliza huku nahesabu magunia, na nikikuta lumbesa, gunia lililojazwa kupita kipimo, nalirudisha. Ufunguo wa kibanda changu simpi mtu, hata mume wangu, na nisipokuwepo kibanda kinabaki kimefungwa na vitunguu vinaota. Ananiita bahili. Mimi sijawahi kumwambia kuhusu miwa. Sikuwahi kumwambia mtu. Mama aliishi miaka yote ile na hakulitaja hata siku moja, hata aliponikasirikia kwa mengine, hata alipokuwa anaumwa na akili inakwenda na kurudi.

Daftari, basi. Nililifungua siku ya tatu. Ni ile katiba, nakala yake ya akiba, mwandiko wake wa mezani na rula, wino wa bluu, kitu baridi kipo, sauti itakapochoka ipo. Nikafika kifungu cha kumi na moja. "Mtunza ufunguo atakayetoa ufunguo wake kwa mtu mwingine," na hapo, juu ya mstari, kuna alama ndogo ya kuingiza, na maneno mawili ambayo hayakupigiwa kura: "na atakayeuomba."

Niliyapeleka mlangoni kwenye mwanga kuhakikisha. Yamefifia, inabidi uinamishe karatasi. Lilikuwa daftari lake, ndani ya kopo lake, nyumbani kwake, mahali ambapo hakuna mwanachama hata mmoja angemwona, na kalamu alikuwa nayo. Aliandika kwa penseli. Wino ulihitaji mikono ishirini na miwili, naye alipata kumi na mitano.